Maji Yaliyotoka kwa Shemeji

Kila asubuhi Mama Bata alifungua banda kabla ya kuwasha moto. Bata walitoka kwa kufuatana, wakitikisa mikia na kupiga kelele kama watu waliochelewa sokoni. Waliteremka hadi kijitoni bila kuongozwa na mtu. Kwa sababu ya bata hao, majirani walikuwa wamelisahau kabisa jina lake la kuzaliwa.

Watoto wake walikuwa wakubwa, wanaishi mbali. Nyumbani walibaki yeye, mumewe, na mama mkwe wake, bibi mwenye ulimi mkali na miguu isiyotulia.

Kijito kilipita pembeni mwa shamba lao la nyanya. Kabla ya kufika kwao, kilipita kwenye shamba la shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Watu walimwita Sajenti. Hakuwahi kuvaa sare hata siku moja, ila alizungumza na kila mtu kama anayempa amri. Alifuga ng'ombe na kulima mahindi. Upande wa chini, ng'ambo ya maji, fundi cherehani alilima kabichi.

Siku moja mchana, bata hawakurudi kula. Mama Bata alisubiri, akaita, kisha akateremka kijitoni. Pale kwenye kidimbwi walipopenda kuogelea, aliwakuta wamelala ubavu juu ya maji. Mmoja alikuwa bado anatikisa mguu. Alipombeba, akatulia mikononi mwake.

Mama Bata alimgeuza huku na huku. Hapakuwa na jeraha wala damu. Mbwa angemng'ata. Kicheche angembeba. Aliinama akanusa maji. Yalikuwa na harufu kali, ngeni puani mwake.

Aliinua macho akatazama upande wa juu wa kijito. Bati la nyumba ya Sajenti lilikuwa linang'aa kwa jua.

"Kumbe," alisema peke yake.

Mumewe alikuwa shambani anafunga nyanya kwenye miti.

"Bata wamekufa," Mama Bata alimwambia.

"Wamekufa? Wamekufaje?"

"Wameuawa. Maji yana kitu."

Mumewe aliendelea kufunga kamba. Hakuinua macho. "Labda ni ugonjwa."

"Ugonjwa gani unaoua bata wote kwa mkupuo? Maji yale yametoka kwa nani? Si kwa kaka yako?"

"Usiseme hivyo, mke wangu."

"Nisemeje? Ugomvi wenu wa mpaka wa mashamba haujapoa, na leo bata wangu wanaelea. Wewe huoni kuna namna hapo?"

Mumewe alihamia mche mwingine, akampa mgongo. Mama Bata akajua moyoni kwamba anamkingia kifua kaka yake.

Mama Bata alipowabeba bata hadi nyumbani, mama mkwe alibandika maji ya kunyonyolea manyoya. "Nyama yote hii itupwe? Mimi sikulelewa hivyo."

"Mama, hatujui kilichowaua. Kinaweza kutuua na sisi."

Mama Bata aliwazika nyuma ya nyumba. Alichimba kwa hasira, na kila jembe liliposhuka, alimwona shemeji yake.

Kesho yake alikutana njiani na mke wa Sajenti, amebeba mtungi wa maziwa.

"Pole na msiba wa bata, mdogo wangu," mke wa Sajenti alisema.

"Nani amekwambia?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

Mke wa Sajenti alishtuka. "Kwani ni siri?" Akapita upande, akaenda zake akiharakisha.

Mama Bata alisimama akimtazama mpaka alipopotea. Mtu asiye na kosa anaharakisha nini?

Wiki hiyo mvua kubwa ilinyesha. Kijito kilijaa, kikawa cha rangi ya chai ya maziwa. Mama mkwe alishinda kwenye mteremko akichuma maharage. Alipoona kiu, aliteka maji kijitoni kwa kiganja, akanywa. Ndivyo alivyofanya tangu alipoolewa. Kurudi nyumbani, akamkuta mke wa Sajenti amemletea uji. Akanywa na uji.

Baadaye alianza kuhara na kutapika. Alilegea kama nguo iliyolowa. Macho yaliingia ndani. Mume wa Mama Bata aliazima pikipiki ya fundi cherehani, wakampeleka zahanati wakiwa wamemshika katikati asianguke.

Muuguzi alimwekea dripu. Kisha akauliza, "Bibi amekula nini?"

Mama mkwe alifungua jicho moja. "Uji," alisema kwa sauti ndogo. "Uji wa mke wa Sajenti."

Mama Bata alisimama ghafla. Kwanza bata, sasa mama!

"Na amekunywa maji gani?" muuguzi aliuliza tena.

"Sisi tunachemsha," Mama Bata alijibu haraka. "Maji yetu hayana tatizo. Tatizo ni uji."

"Mama, namuuliza mgonjwa. Bibi, umekunywa maji gani?"

"Ya kijitoni," mama mkwe alisema. "Kwani kuna mengine?"

Muuguzi alitikisa kichwa. "Kila mvua ikinyesha, nawapata wagonjwa kama huyu kutoka upande wenu. Watoto hasa. Nitamwambia afisa kilimo apite. Kuna kitu kinaingia kwenye hayo maji."

Mama Bata alisikia, lakini hakuamini. Aliporudi kijijini, hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Sajenti.

"Mmemtilia nini mama?" alipaza sauti.

Mke wa Sajenti alitoka na ufagio mkononi. "Unasema nini wewe?"

"Bata wangu mmemaliza. Sasa mnataka mama naye afe ili mchukue na ardhi ya mpakani?"

"Uji ule nimekunywa mimi, wamekunywa wajukuu zangu! Mbona hatujafa?"

Sajenti naye akatoka. "Ondoka! Geuka nyuma, rudi ulikotoka! Usikanyage tena hapa!"

Majirani walitoka nje. Waliofika mwanzo waliwasimulia waliofika mwisho, na kila msimuliaji aliongeza chumvi kidogo. Jioni hiyo, kila nyumba iliyokuwa kando ya kijito ilifunga mlango mapema.

Afisa kilimo alifika mama mkwe alipokuwa ameanza kupata nafuu na amerudi nyumbani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabuti ya mpira na pikipiki yenye matope. Watu walimwita Bibi Shamba. Alishuka kijitoni, akachota maji kwenye chupa ndogo za kioo, akazifunga.

Fundi cherehani alimtazama kutoka ng'ambo. "Hayo maji unayapeleka wapi?"

"Kupimwa."

"Yakipimwa halafu? Mtatufukuza? Nimesikia kuna watu wanatamani bonde hili."

"Hakuna anayemfukuza mtu."

"Wanaofukuza huwa wanaanza hivyo hivyo," fundi alisema. Aliingia kwenye kabichi zake, akawa anachungulia.

Bibi Shamba alizunguka nyumba zote. Kila nyumba alisikia neno lilelile: mchafuzi ni jirani. Fundi alimtaja mume wa Mama Bata. Mama Bata alimtaja Sajenti. Sajenti alisema wote ni wachafuzi isipokuwa yeye.

"Sawa," Bibi Shamba alisema. "Keshokutwa tutapanda na kijito sote pamoja, kuanzia chini hadi juu. Tutaona kwa macho."

Hakuna aliyetaka kwenda. Hata hivyo, kila mmoja aliwaza jambo moja: nikibaki nyumbani, watanisingizia mimi. Kwa hiyo siku hiyo walifika wote. Hata mama mkwe alifika, akiwa na fimbo na shuka begani. Walisimama mbalimbali, kila mmoja akimkagua mwenzake kwa pembe ya jicho.

Walianzia kwa fundi cherehani. Kabichi zake zilishuka hadi majini, hapakuwa hata na nafasi ya kuweka mguu. Katikati ya kabichi, ukingoni, palikuwa na udongo uliochimbuliwa upya. Bibi Shamba aliuchokoa kwa kijiti. Kikagonga kitu kigumu. Akafukua kidogo. Zilitokea chupa tupu za dawa ya wadudu, nyingi.

"Hizo si zangu," fundi alisema.

"Zimejizika zenyewe?" mama mkwe aliuliza.

Watu walicheka. Fundi alifuta jasho. "Nilizizika jana. Nilikuwa nazitupa hapa ukingoni. Nikasema mkizikuta, mtaniambia nimeua bata."

"Chupa tupu haiwi tupu kabisa," Bibi Shamba alisema. "Ndani hubaki matone. Mvua ikija, matone yanaingia kwenye maji. Kuzika karibu na maji hakusaidii. Sumu inanyonywa na udongo, inafika kijitoni polepole."

Mama Bata alimtazama fundi kwa jicho kali. Halafu akakumbuka kwamba shamba la fundi liko chini ya kidimbwi. Maji hayapandi mlima. Basi si yeye. Alijikuta anaongeza mwendo. Alitaka kufika kwa Sajenti.

Walivuka, wakapita kidimbwi cha bata. Hatua chache juu yake, kulikuwa na jiwe pana lililoingia majini. Juu ya jiwe palikuwa na madoa meupe yaliyokauka. Pembeni, kaa wadogo walikuwa wamekufa, miguu juu.

Bibi Shamba alichuchumaa. "Hapa panaoshwa bomba la kunyunyizia dawa. Ni bomba la nani?"

Mama Bata alitazama jiwe. Alilijua vizuri. Lilikuwa jiwe lao.

Aligeuka. Mumewe alikuwa anatazama miguu yake.

"Ni mimi," mumewe alisema. "Asubuhi ile nilinyunyizia nyanya, wadudu walikuwa wamezidi. Dawa ilibaki. Niliimwaga hapa, nikasuuza bomba."

"Ulijua?" Mama Bata aliuliza.

"Sikujua kabla. Uliponiambia bata wamekufa, nikashuku. Nikakosa la kusema."

"Ukaniacha nikamtukane shemeji mlangoni kwake."

Mama Bata alitamani ardhi ipasuke immeze. Sajenti alianza kucheka, kicheko cha kupanda na kushuka. "Haya! Muuaji ameonekana! Tumemaliza, turudi nyumbani!"

"Hatujamaliza," Bibi Shamba alisema. "Hatujafika kwako."

Kicheko kilikatika.

Zizi la Sajenti lilikuwa karibu sana na kijito. Ng'ombe walikuwa wamesimama majini, wanakunywa na kunya palepale. Lundo kubwa la samadi lilikuwa ukingoni kabisa. Chini yake, maji meusi yalikuwa yanachuruzika taratibu na kuingia kijitoni.

"Hiyo ni mbolea, si sumu," Sajenti alisema. "Baba yangu aliweka samadi hapahapa."

Mkewe alilisogelea lundo. Alisema, "Mume wangu, kila mvua ikinyesha lundo linapungua. Siku zote najiuliza linakwenda wapi."

"Linakwenda kwenye kiganja cha mama yako," Bibi Shamba alimwambia Sajenti. "Samadi ina vijidudu vya kuharisha, na maji niliyopeleka kupimwa yamekutwa navyo. Mvua ilisomba samadi, bibi akanywa maji, akaugua."

Sajenti alimtazama mama yake. Alifungua mdomo kutoa amri fulani, lakini hakuipata.

Mama mkwe aliegemea fimbo. "Nimezaa wawili," alisema. "Mmoja kaua bata, mwingine alikuwa ananimaliza mimi. Na wakwe zangu wanagombana kwa sababu ya uji."

Hakuna aliyejua kama acheke au alie.

Walikaa kwenye nyasi, upande wa juu wa zizi. Bibi Shamba alisubiri watulie.

"Mimi nachemsha maji yangu," Mama Bata alisema. "Je, hiyo dawa ya wadudu nayo inakufa kwa moto?"

"Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni vizuri uendelee. Lakini sumu ya dawa haiondoki kwa kuchemsha. Njia ni moja: isiingie majini kabisa."

"Tufanyeje na mabomba?" mumewe aliuliza.

"Pima dawa inayotosha shamba lako, isibaki. Osha bomba shambani, mbali na kijito, na mbali na kisima. Maji ya kusuuzia yanyunyizie kwenye zao lilelile ulilotilia dawa. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, na kila mara mimina maji yake ndani ya bomba unapochanganya dawa. Kisha itoboe, mtu asiitumie kuwekea maji wala mafuta. Msizichome. Ziwekeni pamoja mahali panapofungwa. Mimi nitakuja kuzichukua, zipelekwe zinakokusanywa."

"Na samadi yangu?" Sajenti aliuliza. Kwa mara ya kwanza aliuliza kama mtu mwingine yeyote.

"Ihamishe juu, mahali pakavu, mbali na maji. Ifunike mvua isiisombe. Chimba mfereji kuizunguka. Utaona faida, maana sasa hivi mbolea yako inasafiri bure. Na ng'ombe wasiingie kijitoni. Wachotee, wanywe kwenye birika la kunyweshea mifugo."

"Kabichi zangu je?" fundi aliuliza.

"Acha ukanda wa majani kando ya kijito, wewe na wenzako wote. Majani yanazuia udongo na mbolea visiingie majini."

Fundi aliruka. "Niache ardhi! Si nilisema? Wanaanza hivyo hivyo!"

"Ardhi inabaki yako. Panda majani ya mifugo. Utayakata, utamuuzia Sajenti."

Fundi alimtazama Sajenti. Sajenti alitazama pembeni, lakini hakukataa.

"Na mbolea ya dukani," Bibi Shamba aliendelea, "msiimwage juu juu wakati mawingu yameshatanda. Chimba kishimo karibu na mmea, weka kidogo, fukia."

Mama Bata alikuwa na swali lililokuwa linamkereketa. "Tuseme sisi tumeacha. Nani atajua kama fundi ameacha? Nani atajua kama shemeji ameacha?"

"Na nani atajua kama ninyi mmeacha?" fundi alirudisha.

Bibi Shamba alitabasamu. "Hamwaminiani. Basi tumieni hilo. Kila siku ya soko, watu wawili wapande na kijito, wakague. Wawe wawili wasioaminiana. Hao hawatafichiana kitu."

Ndivyo Mama Bata alivyopangwa na mke wa Sajenti.

Kazi haikuwa rahisi. Sajenti alihamisha samadi kwa toroli, akinung'unika njia nzima, na mdogo wake akamsaidia bila kuombwa. Hawakuzungumzia mpaka. Walizungumzia toroli, kwamba gurudumu linalia. Fundi aliacha ukanda mwembamba sana, na wakaguzi wa kwanza wakamrudisha kuupanua. Alilalamika, akapanua. Walichagua mahali pamoja pa kuchanganyia dawa na kuoshea mabomba, katikati ya mashamba, mbali na maji.

Siku ya ukaguzi wao wa kwanza, Mama Bata na mke wa Sajenti hawakusemezana. Mmoja alitazama kushoto, mwingine kulia. Walitazama kwa makini hasa, maana kila mmoja alitaka kumkamata mwenzake. Hawakukuta kitu.

Safari iliyofuata, walikaa kupumzika kwenye ukingo.

"Dada," Mama Bata alisema, "nilikudhania vibaya. Nilikutukana mbele za watu. Nisamehe."

Mke wa Sajenti alichuma jani, akalizungusha vidoleni. "Mimi pia nilikudhania."

"Ulinidhania nini?"

"Kwamba umewaua bata mwenyewe ili mtusingizie, mpate ardhi ya mpakani."

Mama Bata alimkodolea macho. "Niwaue bata wangu? Mimi?"

"Ndiyo maana nilipita haraka siku ile njiani. Nilikuogopa."

Walitazamana, kisha wote wawili wakaangua kicheko. Walicheka mpaka mke wa Sajenti akashika mbavu.

Msimu uliofuata mvua ilinyesha kwa nguvu. Watu wa kando ya kijito walitoka kutazama. Maji yalipanda, lakini hayakuwa mazito kama zamani. Majani yaliinama, yakashika udongo. Kaa wadogo walionekana tena chini ya mawe. Samadi ya Sajenti ilibaki mahali pake, na mahindi yake yakapata chakula kilichokuwa kinapotea. Kule zahanati, muuguzi alisema wagonjwa wa kuhara kutoka upande huo wamepungua sana. Mama mkwe sasa alibeba chupa ya maji yaliyochemshwa kila alipokwenda shambani. Aliilaani kwa uzito wake, lakini aliibeba.

Siku moja walikuja wanaume na wanawake kutoka chini ya bonde, watu ambao Mama Bata hakuwafahamu. Walisimama nje ya uzio, hawakutaka kuketi. Mkubwa wao alikuwa na viatu vya kufunga kamba na uso wa mtu aliyekuja kudai haki.

"Sisi maji yenu yanatufikia," alisema. "Miaka yote yalikuwa yanakuja machafu. Sasa yamekuwa safi ghafla. Mmetia dawa gani? Mnatuficha nini?"

Mke wa Sajenti, aliyekuwa amekuja kuazima ungo, aliziba mdomo ili asicheke.

Mama Bata aliwatazama mmoja mmoja. Aliijua hiyo sura. Aliwahi kuwa nayo yeye mwenyewe. Hakukasirika.

"Hatuwaambii," alisema. "Tunawaonyesha. Njooni tupande na kijito, mkague wenyewe. Pale mtakapotilia shaka, simameni, mtuulize."

Wageni walinong'onezana. Walikuwa wamejiandaa kwa ugomvi, si kwa matembezi.

"Jambo moja tu," Mama Bata aliongeza. "Viatu mvue. Ukingoni tumepanda majani machanga, hatutaki yavunjike."

Yule mkubwa alimtazama Mama Bata. Akamtazama mke wa Sajenti. Akatazama njia inayoteremka kijitoni, kama anayetafuta mtego. Kisha, bila kuondoa macho kwa wenyeji wake, akainama taratibu, akaanza kulegeza kamba za viatu.